Baiskeli Iliyokaa Kwenye Stendi

Daktari Mzungu wa hospitali ya misheni alinishika goti kwa mikono miwili na kulibonyeza pole pole, kama mtu anayechagua papai sokoni. Watu wakiniuliza nilivyoumia, huwa nasema niliumia vitani. Si uongo, lakini risasi haikunigusa. Nilianguka kutoka kwenye lori lililokuwa likiturudisha sisi mgambo nyumbani, wote tukiimba, mimi nikiwa nimekaa ukingoni kwa sababu nilitaka kuiona nchi.

"Goti hili halitaki kishindo," alisema. "Usikimbie, usibebe mzigo, usishuke milima. Lakini moyo wako umelala kitandani miezi mitano, umekuwa mvivu. Moyo unataka kazi. Tafuta kazi ya miguu ambayo haipigi chini."

"Kazi gani hiyo, daktari?"

Alifikiri kidogo. "Kwetu kuna baiskeli zisizo na magurudumu. Mtu anaiweka sebuleni, anakanyaga mpaka anatoka jasho, na hajavuka kizingiti." Akacheka mwenyewe. "Kuna hata mtumbwi usio na maji. Wewe chagua katika ulivyo navyo."

Nilirudi Nyamigogo nikiwa na swali moja tu kichwani: nitafikaje kwa mama?

Mama alikuwa Kibimba, wilaya ya Ngara. Wakati wa operesheni ya vijiji alishushwa kutoka kilimani akapangwa kwenye mstari kando ya njia, na migomba yake ikabaki juu. Mimi nilikuwa mtoto wake pekee aliyebaki hai. Nilipomaliza sekondari nililetwa Nyamigogo kufundisha kisomo cha watu wazima, na kabla ya vita nilikuwa nikienda kwake kila likizo. Ningepata lori mpaka Lusahunga, lingine mpaka Nyakahura, na mwisho ningepanda na kushuka vilima kwa miguu siku nzima. Baada ya vita mafuta yaliadimika, na malori yakawa ya kubahatisha. Vilima vilikuwa palepale. Lililobadilika ni goti.

Basi nikaanza kuchagua. Kwanza nilimwomba fundi wa nguo aniazime cherehani yake saa za mchana, wakati yeye anakula. Nilikanyaga siku tatu. Vifundo vya miguu vilifanya kazi, moyo haukushtuka hata kidogo, na siku ya tatu nikamkatia mkanda. Nikajaribu kuzunguka nyumba kwa magongo, goti likavimba. Jirani mmoja alinishauri nitwange mahindi. Nilitwanga nikiwa nimekaa kwenye kigoda, nikatoka jasho kweli, lakini wanawake waliokuwa wakipita kwenda kisimani walisimama wakanitazama mpaka mchi ukanishinda.

Ikabaki baiskeli yangu, ya Kichina, niliyoipata kwa mgao kabla ya vita. Ilikuwa na stendi ile pana ya nyuma, ambayo ukiikanyaga gurudumu linanyanyuka kutoka chini na kuelea. Niliiingiza ndani, nikaisimamisha mbele ya dirisha, nikaweka mawe mawili ili isitembee. Nilikosea kwanza kwa kuacha kiti chini. Goti lilikunjwa mno na kuuma. Nikakipandisha mpaka mguu ukawa unakaribia kunyooka pedali ikiwa chini. Hapo maumivu yakatoweka. Ila ilikuwa nyepesi mno, nilikanyaga hewa. Nikalaza dainamo kwenye tairi, gurudumu likapata uzito kidogo, na taa ya mbele ikawaka mchana kweupe ikimulika ukuta wa udongo.

Nilikuwa nikikanyaga asubuhi na jioni. Dirisha lilitazama magharibi. Nilijiambia: hapa nimefika Lusahunga. Hapa ni pori, nifukuze mbung'o. Nikichoka nasema leo nalala Nyakahura. Sikuwa na mke, na waliokuwa wanafunzi wangu wa kisomo walikuwa wameacha kuja tangu nilipokwenda vitani. Kulikuwa na siku ambazo sauti pekee niliyoisikia tangu asubuhi ilikuwa ya mnyororo.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mzee Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Siku moja alichungulia dirishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Unakwenda wapi?"

"Nafanya mazoezi, mzee. Ni dawa ya moyo."

Alitazama gurudumu, akatazama ardhi, akatazama tena gurudumu. "Kumbe! Na sisi tunapeleka wagonjwa zahanati kwa machela, wakati baiskeli nzima imefungwa humu inakimbia bila kufika!"

Jambo hilo lilifikishwa kwenye mkutano wa kijiji. Niliitwa nikajieleza mbele ya watu wote, goti nimelinyoosha kwenye benchi. Mmoja aliuliza kama na mimi nikitaka kula nitafungua mdomo bila chakula. Watu wakacheka. Mwanamke mmoja akasema, "Mwacheni, huyo amezoea kusafiri, miguu inamwasha." Lakini balozi alikuwa na hoja yake: katika kijiji cha ujamaa hakuna jasho la bure. Kwenye shamba la pamoja kila mtu hupimiwa hatua zake za kulima. Je, jasho la mwalimu linapimwa wapi?

Waliafikiana hivi: mgonjwa akipatikana, baiskeli itolewe. Isipotolewa, inoe majembe. Fundi mmoja alifunga jiwe la kunolea kwenye fremu ya mbao na kuliunganisha na gurudumu langu la nyuma kwa mkanda wa mpira wa tairi. Kuanzia wiki ile watu walileta majembe na mapanga. Wakati ule jembe jipya halikupatikana, kwa hiyo makali yalikuwa kitu kikubwa. Kwa mguu wangu jiwe lilikuwa bora kuliko dainamo: mwenye jembe akiegemeza chuma kwa nguvu, kazi inakuwa ngumu, akilegeza, unapumzika. Moyo ulianza kuamka. Watu walikaa nami kwa muda wa jembe moja, wakaonja makali kwa kidole gumba, wakasema asante mwalimu, wakaenda. Nilikuwa nikiwasikia wakicheka mbali, wamekwisha kunisahau.

Katikati ya kiangazi, asubuhi, nikiwa juu ya kiti, niliona mtu mdogo mwenye fimbo akija kati ya mistari ya nyumba, akihesabu milango. Nilimjua kwa hatua kabla ya uso. Alikuwa mama. Alikuwa amepanda lori moja tu. Kwingine kote alitembea.

Alisimama mlangoni, kikapu kichwani, akanitazama nikizungusha miguu.

"Mwana wanje," alisema, akiniita mwanangu kwa lugha ya kwetu, "unakwenda wapi?"

"Nakuja kwako, mama."

Hakucheka. Alitua kikapu, akakaa mkekani. "Basi mimi nimekutangulia," alisema.

Alikaa siku sita. Alipika, alifagia, aliwapokea watu wa majembe na kuongea nao Kiswahili chake cha sokoni mpaka wakawa wanakuja hata wasio na jembe. Usiku wa mwisho alinibonyeza goti mwenyewe. "Hili limepona," alisema.

"Bado, mama. Daktari alisema nisishuke milima. Mwezi mmoja zaidi."

"Haya."

Kwetu mgeni huwa hasindikizwi mpaka mlangoni tu. Mzazi husindikizwa mpaka barabarani, unabeba mzigo wake, unasimama naye mpaka apate chombo, na hapo ndipo yeye mwenyewe anakwambia rudi. Kutoka Nyamigogo mpaka mahali pa kungojea malori ni saa nzima, na kabla ya kufika kuna mteremko. Nilibeba kikapu mpaka juu ya mteremko ule. Nikasimama. Nilikuwa nimefanya kazi miezi mitatu, nikaogopa kuiharibu kwa asubuhi moja.

Mama alinyoosha mkono akachukua kikapu. "Rudi," alisema, ili nisiwe niliyerudi bila kuambiwa. Kisha akashuka, akichomeka fimbo mbele yake, na sikumwona akigeuka.

Nilirudi kwenye baiskeli. Mwezi ulipita, nikaongeza mwingine. Nilikuwa nimefika mahali ambapo ningeweza kukanyaga kutoka chai ya asubuhi mpaka kengele ya shambani bila kupumzika, na bado nilijiambia sijawa tayari. Ndani mle nilikuwa nimeshafika Kibimba mara nyingi.

Mvua za kwanza zilipoanza, utingo wa lori alileta barua iliyoandikwa na mwalimu wa shule ya kule. Mama alikuwa ameugua siku nne na kuzikwa siku ya tano. Barua ilikuwa imekaa njiani majuma mawili.

Nilikata mkanda wa jiwe. Niliondoa mawe mawili, nikapiga stendi teke, na gurudumu likagusa ardhi. Balozi alikuja akanishika mkono, akanifungia viazi kwenye keria.

Nilisafiri siku tano, kwa sehemu kubwa peke yangu, matope yakinata kwenye breki. Nilipita Lusahunga, nikalala Nyakahura, sasa ile ya kweli, yenye mbwa na moshi. Vilima vya Ngara nilivipanda nikisukuma baiskeli, nikavishuka vyote kwa miguu yangu, kimoja baada ya kingine, mpaka kwenye ile nyumba kando ya njia.

Goti halikuniuma hata mara moja.