Siku Bibi Alipokataa Kupakua Wali

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Mbele ya watu maneno yananikauka mdomoni, ndiyo maana ninaandika. Baba yangu ana chuo kidogo cha Kurani upenuni mwa nyumba, alikuwa akifundisha watoto wa mtaa, na mimi alinianzisha mapema kuliko wote. Nilihitimu msahafu kabla ya wavulana, wakanuna. Sasa nasoma vitabu vikubwa, na karatasi nilizipata kwa baba, mabaki ya wafanyabiashara. Naandika upande mmoja, zikijaa nageuza.

Leo naandika habari za babu. Nampenda sana, kwa hiyo itanibidi nijiangalie nisije nikampamba.

Babu ni baba wa mama yangu. Alikuwa mkubwa wa mji wetu hapa Kindu tangu kabla sijazaliwa. Kazi yake iliyoogopwa zaidi ilikuwa moja. Bwana mkubwa wa Waungwana, wale wafanyabiashara waliotoka pwani, aliyekaa upande wa juu wa mto, alipotuma habari kwamba anataka wachukuzi wa pembe za ndovu, babu ndiye aliyetaja nyumba ya kutoa mtu. Baraza la wazee lilikuwa limeweka sharti: nyumba zifuatane, kuanzia kando ya mto kwenda juu, kila nyumba mtu mmoja kwa zamu yake, awe fundi, awe mwalimu, awe nani. Asiyetaka kwenda aliruhusiwa kupatana na mtu wa nyumba nyingine aende badala yake, akampa nguo mbili. Safari ya Ujiji, kwenda na kurudi, ilikula karibu mwaka mzima, na si wote waliorudi.

Nyumbani babu alikuwa mtu mwingine. Aliniita mke mudogo, na bibi akaniita mke mwenzangu. Tuligombana naye kila siku kwa mchezo, nani ampelekee babu maji ya kunawa. Babu aliniwekea ukoko wa wali, ule mkavu wa chini ya chungu, akaufunika kwa jani ili wajukuu wengine wasiuone. Nikisoma kwa sauti ndogo yeye husogea karibu na kusema, "Soma tu, mke mudogo, mimi njo kiziwi wako, sicheki." Kwa watu wengine wote sauti yangu hugoma.

Mwaka jana macho yake yaliingia ukungu. Akaondolewa, akawekwa mkubwa mwingine. Na kabla kiti hakijapoa, jirani yetu akaenda kwa wazee akawaambia, "Sasa aulizwe, mbele ya watu wote."

Jirani huyu ni mjane, kazi yake kukausha samaki. Kati ya ua wake na wetu kuna uzio wa mabanzi tu, moshi wake tunaula sisi. Alikuwa na mtoto mmoja, mwanamume. Mtoto huyo alikwenda safari kwa zamu yake, akarudi salama. Safari iliyofuata hesabu ikafika nyumba yetu, na wa kwenda alikuwa baba. Lakini baba hakwenda. Alikwenda mtoto wa jirani, mara ya pili, akashikwa na homa njiani, wenzake wakamzika kabla ya kuuona mji wa Ujiji.

Wazee walipomuuliza babu wakati ule, alijibu neno fupi: "Wamepatana. Mama yake amekwisha kupokea nguo."

Neno hilo ndilo lililomtesa yule mama kuliko homa ilivyomtesa mwanawe. Habari ya kifo ilipofika, hakuna aliyekwenda kukaa matanga kwake. Wanawake wa mtaani walipita njiani wakisema kwa sauti ya kusikika, "Atalia nini? Si amevaa mutoto wake?" Alisema hakupokea hata uzi. Nani angemsikiliza, mkubwa wa mji amekwisha kusema? Alilia peke yake, na sisi tulimsikia kupitia mabanzi. Nilikuwa najua kusoma vitabu, lakini kuzunguka uzio ule na kwenda kukaa naye sikujua.

Wazee walipokubali kuita baraza, mama yangu alikasirika. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na mchi ukazidi kupiga.

"Muntu amekwisha kuondolewa," alisema. "Hana kiti, hana askari, macho yenyewe hana. Mutamuuliza nini tena? Njo kumuaibisha tu."

Baba alikuwa anachonga kalamu. "Akiulizwa huyu, mukubwa mupya naye anasikia."

"Atasikia nini?"

"Kwamba iko siku ataulizwa yeye."

Mama aliacha kutwanga. "Na wewe, mwalimu? Wewe utasikia nini siku hiyo?"

Baba akaendelea kuchonga mpaka kalamu ikaisha yote, ikawa kijiti.

Kwetu anayeulizwa ndiye anayewalisha wanaomuuliza. Wanasema ni kwa ajili ya heshima, ili asidhani wamemjia kama maadui. Kwa hiyo baraza likakaa uani kwa babu, na wapishi tukawa bibi na mimi. Wazee walikuja na vigoda vyao, mkubwa mpya akakaa pembeni kusikiliza, na watu wakajaa mpaka nje ya uzio. Wengine walivuka mto kutoka Alunguli. Nadhani harufu ndiyo iliyowavusha.

Siku ya kwanza wazee walimuuliza babu habari ya mbuzi aliyepotea zamani. Wakaulizana sana. Jua lilipopanda mmoja wao, mnene, mwenye kikohozi, akasema, "Tupumzike, wazee, akili zimechoka." Wakala wali kwa samaki na mawese, wakalamba vidole. Siku ya pili wakauliza habari ya mtumbwi wa mji, nani aliupasua. Mwenye kikohozi alimwambia bibi, "Shemeji, kwa wali huu kesi hii inaweza kufika miaka miwili." Watu wakacheka. Siku ya tatu ikawa habari ya njia ya kisimani.

Sikuelewa kwanza. Halafu nikaelewa, nikaona haya kwa niaba yao. Karibu kila mzee pale aliwahi kurukwa na hesabu, yeye au mwanawe, kwa sababu babu alikuwa rafiki yao. Nani angeanza kuvuta uzi ule?

Yule mama alikuja siku zote tatu. Alikaa kwa wanawake, karibu na uzio, hakusema, hakula. Siku ya tatu nilijikaza nikampelekea wali kwenye jani. Aliusukuma polepole, bila hasira.

"Nikishiba nitasinzia, mutoto wangu," alisema. "Nangoja kitu."

Nilirudi jikoni nikamwambia bibi maneno hayo. Bibi alikuwa anakuna ukoko. Akamaliza kuukuna, akasema, "Haya, mke mwenzangu. Kesho tutapika mapema."

Siku ya nne wali uliiva asubuhi na mapema. Wazee walianza na habari ya kuku, sijui kuku wa nani. Jua likasimama juu. Mwenye kikohozi akageuka jikoni, akasafisha koo.

"Shemeji, wali umeiva?"

Bibi alikuwa amechukua kigoda chake, amekaa mbele ya chungu kikubwa, upawa mapajani. "Umeiva zamani," alisema. "Na ulizo lenu, limeiva?"

Watu wakacheka, naye hakucheka.

"Siku tatu munakula wali wangu na munauliza mbuzi. Mbuzi yule nani hamujui alikwenda wapi? Mulimukula nyinyi, hapa hapa, miye nilimupika! Leo mumuulize ile kitu wanawake wote wa mji huu wanaisema. Musipouliza, chungu hiki nitawamwagia bata."

"Mke wangu," babu alisema kwa sauti ya chini, "unaniaibisha mbele ya watu."

"Aibu hii nakaa nayo ndani miaka miwili, muzee. Inakula na sisi, inalala katikati yetu. Leo itoke nje, nayo ipate hewa."

Bata walikuwepo kweli, wakizunguka chungu, na nakumbuka nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mwisho mwenye kikohozi akakohoa kikohozi chake chote, akamtazama babu, akasema, "Muzee, yule mama alipokea nguo?"

Babu aligeuza uso huku na huku, macho yake meupe yakitafuta. "Yuko wapi?"

"Niko hapa," yule mama alijibu. Alikuwa amesimama.

"Hakupokea," babu alisema. "Hakuna nguo iliyotoka. Zamu ilikuwa ya nyumba ya binti yangu. Binti yangu alikuwa na mimba, alikuja kulia miguuni pangu, na miye nilishindwa. Nikatuma askari wakamukamate mutoto wa huyu mama shambani. Halafu nikawaambia nyinyi wamepatana. Na nyinyi hamukuniuliza mara ya pili."

Wazee wote walikuwa wanatazama chungu.

"Sema tena," yule mama alisema. "Wale wa nje ya uzio hawajasikia."

Babu akapumua, akainua sauti, akasema tena yote, mpaka lile la mimba, mpaka lile la shambani. Mimba ile ni mdogo wangu wa kiume, na wakati babu anasema alikuwa kati ya magoti yake, anamvuta ndevu.

Ndipo baba akasimama kati ya wanafunzi wake. "Niliambiwa nguo zilitolewa kwa ajili yangu," alisema. "Miye nguo sikutoa. Sikuuliza nani alizitoa. Nilikuwa na furaha ya kubaki, nikaogopa kuuliza." Akakaa. Nilimpenda wakati huo kuliko siku zote, na nikainamisha uso, kwa sababu miaka miwili ile ndiyo aliyokaa nami kila jioni akinifundisha. Kila nilichojua tangu wakati ule nilikijua kwenye siku za mtu mwingine.

Mkubwa mpya alisema maneno machache tu: hesabu itaanza tena pale iliporukwa. Kila mtu akajua ni nyumba gani. Mama akajifunika uso kwa kanga.

Bibi akafungua chungu. Sahani ya kwanza alinipa nimpelekee yule mama. Siku hiyo alikula, polepole, mpaka punje ya mwisho, na watu walimngoja.

Jioni hiyo hiyo matanga yakaanza kwake, miaka miwili baadaye. Wanawake walikuja na kuni na mikeka, pamoja na wale waliokuwa wakipita wakimsema. Hao walilia kwa sauti kubwa zaidi, na mwenye nyumba akawaacha walie. Mama alikwenda na chungu cha sombe kichwani. Nilikwenda naye, nikazunguka uzio ule kwa miguu yangu. Siku tatu watu walimtaja marehemu: jinsi alivyoiga sauti za wazee, jinsi alivyoanguka mtoni na kikapu cha samaki na kutoka na kikapu kimejaa kuliko mwanzo. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na mama yake akacheka na sisi. Sikujua kwamba mtu huyu alikuwa wa kuchekesha. Alikuwa jirani yangu.

Siku ya pili babu aliniambia nimshike mkono. Tulifika mlangoni akasimama. Mwenye nyumba alimwangalia muda mrefu.

"Aingie," alisema. "Lakini asiseme kitu."

Babu akakaa kwenye mkeka mpaka jua likashuka, hakusema kitu. Niliporudi naye alinishika mkono kwa nguvu, na mimi nikamshika. Ningeweza kuandika hapa kwamba nilimkasirikia. Nilimkasirikia, ndiyo, na bado nilimwongoza asijikwae.

Mama anasema mpaka leo kwamba baraza lile halikuleta faida. Mtoto aliyekufa hakurudi, wazee wamekaa vile vile kwenye vigoda vyao, na baba yetu amechukuliwa safari. Maana mwezi uliopita habari ilikuja kutoka juu ya mto, mkubwa mpya akaanza hesabu pale alipoahidi, na baba akafunga mkeka wake. Nami nililia, tena nilijificha nyuma ya ghala nisionekane.

Asubuhi ya kuondoka jirani alikuja na samaki wakavu, amewafunga kwenye majani. Alimwambia baba maneno aliyoambiwa na mwanawe aliporudi safari ya kwanza: mkivuka mto wa pili msilale bondeni hata mkichoka, pandeni; na mzigo uwe bega la kushoto asubuhi, la kulia mchana. Baba alisikiliza kama mwanafunzi. Akarudia yote mara mbili, kuhakikisha ameyashika. Kisha akainama, akamshika miguu. Jirani akamwinua, akamwambia, "Nenda, mwalimu, wenzako wanakuacha."

Sasa chuo ninakifundisha mimi. Wavulana wananicheka sauti, na mimi naendelea. Mchana nazunguka uzio kumsaidia jirani kugeuza samaki juu ya moto. Jana, kwa kuwa tulikuwa wawili tu, nilimuuliza kile ninachojiuliza.

"Mama, baraza lile lilikufaa kitu?"

Alipuliza moto kwanza.

"Leo sokoni mwanamke wa Lokandu, hata simjui, amesikia habari ya baraza, aliniuliza mwanangu alikuwa na umri gani," alisema. "Nikamwambia. Akauliza alifanana na nani. Nikamwambia. Tukakaa tukazungumza habari zake mpaka soko likavunjika." Akanisukuma kwa kiwiko. "Geuza upande wako, mutoto, wanaungua."