Chandarua cha Kivulini

"Dada, hivyo vifuko visivyoonekana, mtoto akivivuta puani vinatoka kwa njia gani?"

Leo nikisikia watu wakibishana kuhusu usalama wa nanoteknolojia, hunirudia sauti ya aliyeuliza: mzazi aliyejifungua siku kumi na mbili kabla, kijijini Kisawasawa, aliyekwisha kumzika mtoto mmoja kwa malaria.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nikaajiriwa Ifakara kuchovya vyandarua kwenye dawa mpya, iliyofungwa ndani ya vifuko vidogo mno. Kila kitu nilikibishia.

"We sema ni salama," bosi aliniambia.

Nilikataa. Asubuhi tulipochovya chandarua cha yule mzazi, nilimsomea tu karatasi ya maelekezo, niliyoitafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza: vaa glovu, beseni lisirudi jikoni, maji yasimwagwe mtoni, kausha kivulini.

"Msomi mzima, jibu lako karatasi?" mama mkwe wake alicheka.

Alasiri nilipita tena. Kwenye kamba ya nje hakukuwa na chandarua. Nilipiga hodi, mama mkwe akafungua, harufu ya dawa ikanipokea mlangoni.

"Shikamoo mama. Chandarua kiko wapi?"

"Marahaba. Kipo chumbani, kivulini kama ulivyosema. Cha kitanda cha mtu na mumewe, tukianike nje watu wakitazame?"

Dirisha lilikuwa limezibwa kwa khanga ili mzazi asipigwe na baridi. Chandarua kilichuruzika juu ya kitanda, na chini yake mtoto alipiga chafya mfululizo, uso mwekundu. Nilimnyakua nikatoka naye. Tulimwosha kwa sabuni na maji mengi. Akakohoa, kisha akanyamaza. Mama yake alinikodolea macho mdomoni, kana kwamba jibu lingetokea hapo.

Mtoto akalia. Akapewa ziwa, akanyonya.

"Sasa alale wapi?" mama yake aliuliza. "Kwenye dawa au kwenye mbu?"

Tulikianika nyuma ya nyumba, chini ya upenu, mama mkwe akikizungushia khanga zake na kumfokea kila aliyechungulia. Jioni kilikuwa kikavu, harufu imekwisha. Mtoto akalala ndani yake.

Miaka mingi baadaye, nikihama nyumba pale Kibaoni, niliikuta ile karatasi ya Kiingereza. Ilikuwa na upande wa pili, ambao sikuwahi kuugeuza. Mstari wake wa kwanza ulisema: kivulini, lakini nje, penye upepo.