Mstari Nilioufuta Mwakitolyo

Kule Mwakitolyo hadi leo wakiniona wananiita Futa, na jina hilo nililichuma mwenyewe kwa vidole vyangu hivi, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Mimi natengeneza programu za kompyuta, naishi Ngokolo, na hii ninayoisimulia ilikuwa ya kugawa viroba vya mawe ya dhahabu duarani, kwenye shimo la wachimbaji wadogo, ili watu wasigombane (chekeni tu). Nilikuwa nimeiweka wazi mtandaoni, yeyote aisome na kuirekebisha, na Neema, dada wa Geita aliyekuwa akinisaidia kwa hiari, hakuchoka kuniandikia: "Kaka, mistari ya programu yako haina maelezo. Huu unaotoa kiroba kimoja kabla ya mgao ni wa nini?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba kazi nzuri hujieleza yenyewe. Ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa nimeshasahau.

Asubuhi ya mgao wa kwanza, roho juu, nikaijaribu programu, nikaona viroba vinavyotoka vimepungua kimoja kuliko vinavyoingia, nikaukumbuka mstari ule aliouulizia Neema, nikasema kosa ndilo hili, nikaufuta, hesabu ikakaa sawa, nikapanda pikipiki huku napiga mluzi.

Duarani watu walikuwa wamejaa. Masanja, mwenye duara, akanipa kipaza sauti, nikawa nasoma majina kwenye simu na kila aliyeitwa anabeba kiroba chake kwenda karashani, kwenye mashine ya kusagia mawe, mpaka uwanja ukabaki mtupu, na pembeni kasimama Mama Kulwa na mkokoteni wake wa ng'ombe, hajaitwa.

"Mwanangu, na mimi je?"

Nami (sijui nani alinituma) nikajibu kwenye kipaza sauti kilekile: "Shikamoo mama. Kompyuta haikosei, labda wewe humo."

"Marahaba. Simo? Hilo shimo mmelichimba kwenye mihogo ya nani?"

Mchimbaji mmoja akadakia, "Mtaalamu, mwambie basi ahamishe shamba lake!" Watu wakaangua kicheko, ila Mama Kulwa hakucheka, alikwenda akaikalia kamba ya kushukia shimoni, akakunja khanga yake magotini.

"Hashuki mtu."

Kicheko kikakatika. Masanja akanigeukia: "Wewe! Si nilikwambia tangu mwanzo, kabla ya mgao kiroba kimoja ni cha mwenye shamba? Ukasema umeshaandika!"

Na kweli nilikuwa nimeandika. Nikatimua mbio karashani, jasho linanitoka, nikakuta wengine wameshamwaga mawe yao na wengine wamevikalia viroba vyao kama kuku wa mayai, nikarudi mikono mitupu, na mwisho Masanja akatoa kiroba chake mwenyewe bila kuniangalia usoni.

Mama Kulwa bado hakuinuka. "Na mgao ujao je? Si utafuta tena?"

Nikachuchumaa palepale vumbini na kompyuta mapajani, nikaurudisha mstari, na juu yake nikaandika maelezo.

"Soma tusikie. Kwa hicho kipaza sauti chako."

"Kiroba cha kwanza ni cha mwenye shamba. Ndivyo walivyokubaliana kabla ya kuchimba. Usifute."

"Rudia."

Nikarudia. Ndipo akainuka.

Jioni Neema alipoyaona maelezo yale mtandaoni alinitumia neno moja tu: "Imejieleza?" Siku hizi mtu akiniletea mistari isiyo na maelezo siipokei, hata ikifanya kazi vizuri namna gani; namuuliza kwanza kama yuko tayari kwenda kuisimamia kwa kipaza sauti mbele ya Mama Kulwa.