Siku Niliyojiita Rispa Kwa Wadi ya Watoto Kitale

Chekeni tu, mimi nimechoka kujificha na hii aibu. Virusi vya Ukimwi niliachiwa na marehemu Wanjala, bwana yangu (jina lake sifichi, alale alipolala), lakini aliyenitangaza soko nzima ya Myanga ni dada yake, wifi yangu Rispa, ati "huyo Truphena anameza dawa, mtoto wake hatafika shule." Kwa hivyo kijana wangu Simiyu, miaka miwili, mnono kama kiazi, aliposhikwa na nimonia, nilipita hospitali ya Bungoma kama siioni, nikaenda kumlaza Kitale ambako hata mbwa hanijui, na nilipoulizwa jina, shetani akanishika ulimi nikasema, "Rispa." Kama kuna aibu, ajibebee mwenyewe!

Wadi ilijaa, watoto wawili wawili kitandani. Sista akasema hapo hawachagui, kila mtoto aliyelazwa anapimwa virusi, maana wanaopata kutoka kwa mama zao ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Akamdunga Simiyu kidole, nikangoja (mimba yote nilimeza dawa bila kuruka, lakini moyo hauambiliki).

Mara sista akaita, "Truphena!"

Miguu yangu ilisimama kabla ya akili. Nikaingia kwa chumba chake.

"Mama, mtoto wako hana virusi."

Wee! Nilitoka na kigelegele, nikacheza kutoka mlangoni hadi dirishani, leso ikaanguka nikabaki na peti ya ndani, nikairuka hiyo leso, nikapaza sauti: "Rispa wa Myanga, uko wapi? Kuja uone mtoto wa kutofika shule!"

"Si Rispa ni wewe?" sista akashangaa, akikumbuka jina nililoandikisha.

"Rispa ni mimi," mtu aliyejibanza kwa kona akasema.

Yeye mwenyewe bana! Na mtoto mgongoni. "Na hayo majibu ni yangu. Nimejiandikisha Truphena."

"Umechukua jina yangu, wifi?"

"Na wewe umechukua ya nani, wifi?"

Wadi nzima ikavunjika mbavu. Lakini kama hayo ni ya mtoto wake, ya Simiyu yako wapi? Nikakaa sakafuni na peti yangu. Mama wa kitanda cha pili, ambaye majibu ya mtoto wake asubuhi yalikuwa mabaya, ndiye aliniokotea leso akanifunga.

Sista alitufokea kama watoto wa shule, akapima wote upya tukiangalia. Wa Rispa, hana. Simiyu, hana! Tukarukiana, tukalia, tukacheka, na hapo mkoba wake ukalia chaka-chaka, mlio wa vidonge ninaoujua vizuri, maana chupa yangu ya dawa huwa naisindilia pamba isinichongee.

"Kumbe na wewe?"

Akaubana mkoba usilie tena.

"Weka pamba, wifi," nikamnong'oneza.

Siku hizi tunachukua dawa hapo hapo Bungoma, foleni moja. Msamaha hajaniomba, na bado nangoja. Lakini jina la mtu sichukui tena, na nikilazimika, nitatafuta la mtu ambaye hajawahi kukohoa.