Mvua Niliyoiomba Mimi

Wiki nzima sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja: je, mtu anaweza kuomba vibaya hadi Mungu akaacha kumsikiliza? Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu tangu nimalize chuo, sina kazi, na kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba mambo yanakwenda. Sala zangu nilizipitia neno kwa neno, kama anayetafuta kosa kwenye mtihani uliokwisha kusahihishwa. Ndipo asubuhi moja, hapa Wawi ninakoishi sasa, ikanijia harufu ya karafuu zilizolowa, nikacheka peke yangu. Ngojeni niwaeleze.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikaa Ole, kijiji cha karafuu hapa hapa kisiwani, ambako mama, muuguzi kutoka bara, alikuwa amehamishiwa. Wakristo pale tulikuwa sisi wawili tu, na ibada yetu ya Jumapili ilikuwa sebuleni, na kitabu cha nyimbo kisicho na jalada. Bomba lilikuwa limekauka, na kuteka maji kisimani ndiyo ilikuwa kazi yangu. Basi Jumapili moja, zamu yangu ya kuomba ilipofika, niliomba mvua. Nilitaja hata kipimo: iwe ya kujaza mapipa yote mawili.

Adhuhuri haijafika, mbingu ikawa nyeusi. Nilitoka mbio na ndoo, moyo unanidunda kwa fahari. Hapo nikamsikia jirani yetu, Bi Mize, akipiga ukelele: "Anua! Jamani, anua!"

Uwanja wake wote ulikuwa majamvi ya karafuu, jasho la msimu mzima, zimebakiza jua la siku moja tu zikauke. Karafuu zikinyeshewa hupauka, na zikipauka hakuna anayezitaka. Bi Mize alikuwa akizitegemea hizo kuezekea nyumba.

Sijapata kuona watu wakikimbia vile. Kule Ole, ukelele huo ukisikika huulizi ni karafuu za nani. Mtu mmoja aliitupa baiskeli yake njiani, gurudumu bado linazunguka. Wanawake walikuja na kanga viunoni, na mama akaja na gauni lake la ibada. Tulikunja, tukamimina, tukaburuta, huku tunacheka na kupigana vikumbo.

"Weye muuguzi, hilo si shuka la hospitali," mwanamke mmoja alimtania mama. "Kunja upesi!"

Tone la kwanza lilinipiga shingoni nikiwa na pakacha kichwani. Jamvi la mwisho liliingia ndani limelowa pembe moja tu.

Tulijazana kwa Bi Mize, tunahema, mvua inalipiga paa, harufu ya karafuu inawasha puani. Wote walikuwa na furaha. Mimi nililia.

"Bi Mize, mvua hii nimeiomba mimi."

Alicheka hadi akakaa chini. "Na miye toka alfajiri naomba jua. Sasa Mungu afanyeje na sisi wawili?" Akanifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Katuletea watu, mwanangu. Nenda kakinge maji yako."

Njiani mama alisema Yesu hupenda kujibu kwa miguu ya jirani. Sikumwelewa; nilikuwa nawaza mapipa.

Miaka yote nimekisimulia kisa hiki kama kichekesho. Asubuhi ile ya Wawi ndipo nilipokumbuka kwamba Bi Mize alikuwa mwanamke mwenye haya nyingi, asiyeazima hata chumvi. Lakini alipiga ukelele. Angenyamaza, karafuu zingeharibika na sisi tumekaa vibarazani, hatua chache tu, tuna mikono mizima. Nami mwaka mmoja na nusu nawaambia watu niko salama, halafu namuuliza Mungu mbona haleti mtu.

Jumapili iliyofuata, kanisani, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye haja ya kuombewa. Nilisimama.

"Sina kazi," nikasema. "Nimekuwa nikiwadanganya. Naombeni mnisaidie kutafuta."