Tulipomfuata Idi Ugenini

Enzi zetu pale Wembley, London, kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watu, kwenda kutazama mpira ugenini ilikuwa safari ya kupangwa siku mbili tatu kabla. Sizungumzii zile timu kubwa za kwenye televisheni. Hizo Baba alizijua kwa taka zao, maana alikuwa mfagizi wa uwanja mkubwa, na kila baada ya mechi alitusimulia mashabiki wa timu gani wamekula nini na kutupa wapi. Nazungumzia timu ya chuo alichosoma kaka yangu Idi, vijana wa miaka kumi na saba, kumi na minane, waliocheza Jumamosi kwenye viwanja ambavyo mara nyingine mbwa walikuwa wengi kuliko watazamaji.

Mimi nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa ghorofa ya tatu, na watoto wa jengo zima tulicheza kwenye korido mpaka jirani wa chini agonge dari kwa mpini wa ufagio. Tuliruka kamba, tukapiga danadana kwa mpira wa tenisi uliokwisha manyoya, na shuleni tulikula viazi vya kuponda vilivyochotwa kwa kijiko cha mviringo, kila bonge kama nusu ya chungwa. Nyumbani Mama alituambia, "Mkishavua viatu hapo mlangoni, mmefika Tanga." Kwa hiyo Kiswahili kilianzia mlangoni. Wanangu leo nawasemesha Kiswahili kutwa, wananielewa vizuri tu, na wananijibu kwa Kiingereza bila hata kuinua macho.

Kamati ya safari ilikaa kila Alhamisi jioni, mezani kwetu jikoni. Baba alishika usafiri. Alikuwa na kitabu cha ramani kilichoshonwa upya kwa uzi mweusi, na alijua basi gani linaungana na treni gani kuliko waliotunga ratiba. Hali ya hewa ilikuwa ya Mzee Jayanti, rafiki yake Baba, Mhindi aliyezaliwa Tanga hukohuko kwetu na aliyekuwa na duka la vyakula mtaa wa jirani, Kingsbury. Mzee Jayanti alisikiliza utabiri redioni, akautazama tena kwenye televisheni, kisha akaliuliza goti lake la kushoto, na vitatu hivyo vikipingana alifuata goti. Mama alishika viwanja. Yeye aliuliza maswali mawili tu: pana paa, na pana choo?

"Mpira unachezwa nje, Mama Idi," Baba alimwambia siku moja.

"Unachezwa nje na wao. Mimi naenda kukaa."

Tukishaafikiana, Mama alikanda unga wa chapati Ijumaa, mke wa Mzee Jayanti akaleta kachori na chupa ya achari, na Jumamosi tuliondoka tumevaa sweta mbilimbili. Tumekwenda hivyo mashariki ya jiji, tumevuka mto kwenda Croydon, tumefika hata miji ambayo majina yake Baba hakuwahi kuyatamka sawa. Tulikuwa mashabiki wanne, na mara nyingi ndio mashabiki wote wa ugenini waliokuwepo.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelisema mezani. Idi alikuwa kipa wa akiba. Msimu mzima hakuwa amegusa mpira. Tulikuwa tunapanda treni mbili na basi kwenda kumtazama akiwa amekaa kwenye benchi, amejifunika koti.

Alhamisi moja ya Januari, tukiwa tunapanga safari ya mji mmoja wa pwani ya kusini, Idi aliingia jikoni na kusimama karibu na friji.

"Baba, hii ya Jumamosi msije."

Mzee Jayanti alidhani yanazungumzwa mambo yake. "Baridi itakuwepo, lakini theluji sidhani," akasema.

"Si baridi, Mzee." Idi alikuwa anatazama sakafu. "Hakuna mzazi wa mwenzangu anayekuja. Nyie mnakuja na chupa za chai, mnapiga makofi nikisimama kujinyoosha. Sichezi mimi. Mnakuja kuniangalia nimekaa."

Akaenda chumbani kwake. Baba alifunga kitabu cha ramani, akakisukuma pembeni, na Mzee Jayanti akaaga mapema kuliko kawaida.

Nilidhani safari imekufa. Jumamosi nikaamka nikamkuta Baba amekwisha vaa koti. Idi alikuwa ameshatoka kwenda kukutana na timu chuoni.

"Si mtoto kasema tusiende?" Mama akamuuliza.

"Kasema hataki kutazamwa. Sitamtazama. Naenda kutazama mpira."

 Mama akafungua friji akatoa unga, ambao alikuwa ameukanda Ijumaa kama kawaida, akapika chapati. Tulimpitia Mzee Jayanti, tukapanda treni. Baada ya kutoka London theluji ikaanza, kwanza nyepesi kama majivu, halafu nzito. Mama alimgeukia Mzee Jayanti. Mzee alilitazama goti lake kama mtu anayemtazama shahidi aliyesema uongo.

Kutoka kituoni tulitembea karibu nusu saa. Uwanja ulikuwa mdogo, upande mmoja una jukwaa la mbao lenye paa, na geti lilikuwa limefungwa. Mlinzi wa uwanja, mzee wa Kizungu mwenye kofia ya sufu, alitoka kwenye kibanda chake na kutuambia kwamba mechi imeahirishwa tangu asubuhi. Ardhi imeganda. Vyuo vyote viwili vilipigiwa simu. Akaongeza kwamba na treni nazo zimepunguzwa kwa ajili ya theluji, hivyo tutasubiri. Akatuonea huruma, akatufungulia geti tukae chini ya paa.

Tukakaa. Mbele yetu uwanja ulikuwa mweupe wote, hata mistari haionekani. Vidole vyangu vya miguu sikuvisikia tena. Mama akagawa chapati.

"Uwanja mzuri," Mzee Jayanti akasema, akipuliza chai. "Paa lipo, choo kipo. Ila timu zote mbili zinacheza kwa kujihami mno."

Mama alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Baba hakucheka. Nilimwona ametazama golini muda mrefu, na nilijua hawazi mpira.

Tulikuwa tumekaa pale kama saa nzima nilipoona mtu anaingia getini na suti ya mazoezi ya chuo. Alikuwa Idi, peke yake, begi mgongoni, viatu vimelowa mpaka vimebadilika rangi.

Walipotangaziwa chuoni kwamba hakuna mechi, wenzake walirudi kulala. Yeye alikwenda kwenye kibanda cha simu kupiga nyumbani, ikaita bila kupokelewa. Akapiga dukani Kingsbury, mke wa Mzee Jayanti akamwambia tumekwisha ondoka na kachori zake. Basi naye akapanda treni akatufuata.

Alisimama mbele ya Baba, anahema. "Mechi imeahirishwa," akasema.

"Tumeona," Baba akajibu.

"Nilijua mtakuja tu."

Baba akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi, akammiminia chai. Idi aliinywa yote. Kisha akasema polepole, akiwa ameelekea uwanjani, "Nisameheni yale ya Alhamisi." Baba alimwekea mkono begani, akauacha hapo.

"Umekuja na glavu?" akamuuliza.

"Zipo begini."

Yule mlinzi alitukatalia uwanja, lakini alitupa mpira mmoja na kutuonyesha kipande cha nyasi nyuma ya jukwaa. Idi akasimama kati ya miti miwili. Baba alipiga na viatu vyake vya kazini, Idi akaruka kwenye theluji na kuudaka. Baba akapiga tena, Idi akaudaka tena. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza msimu ule kumwona kaka yangu akidaka mpira, na alikuwa hodari, alikuwa hodari kweli. Mama alipiga makofi na glavu za sufu mkononi, hata sauti haikutoka. Mzee Jayanti alipiga mmoja kwa mguu wa goti bovu, ukajikokota mpaka ndani, na Idi anaapa mpaka leo kwamba hakumwachia.

Tangu siku hiyo hakusema tena tusije. Mwezi wa nne kipa mkubwa aliumia kidole, Idi akacheza mechi moja, akafungwa matatu. Tuliporudi nyumbani Baba alituambia kwamba yote matatu hayakuwa ya kuzuilika na binadamu.

Sasa Mzee Jayanti ametangulia mbele ya haki, na Baba na Mama wamerudi Tanga. Idi anaendesha treni, zile zile zilizokuwa zikitupeleka. Mwanangu wa kwanza yuko chuo kikuu, naye ni shabiki wa timu ya chuo. Ijumaa huiuliza simu yake: mvua asilimia ngapi, uwanja una wastani wa nyota ngapi, treni inachelewa dakika ngapi. Ikimjibu vibaya, anajifunika blanketi na kutazama mechi kitandani. Mechi ikiahirishwa, anajua kabla hajavaa soksi.

Simlaumu. Halowi, hapotezi siku, hakai saa nzima kwenye jukwaa tupu la mji asioujua. Ila namwangalia pale kitandani, na huwa natamani hata mara moja tu habari zimchelewee, afike mahali, akute geti limefungwa, kisha amwone mtu wake anakuja kwa miguu kwenye theluji kumfuata.