Aliyeingia Kazini Badala Yangu

Asubuhi ya siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa kitandani, nyumbani kwa bibi huko Sib, nje kidogo ya Maskati, nimejifunika shuka hadi kidevuni kwa baridi ya kiyoyozi. Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Kiarabu wenye nembo ya kampuni: Umewasili. Tunakutakia siku njema kazini. Niliusoma mara mbili, nikageukia upande wa pili, nikalala tena. Nilidhani wamekosea.

Jioni ukaja mwengine: Umetoka. Asante kwa juhudi zako. Wakati huo nilikuwa jikoni namenya vitunguu.

Nilikuwa nimemaliza chuo zamani kidogo, na shahada yangu ya uhandisi wa umeme ilikuwa imeshaanza kugeuka rangi ukutani. Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, alistaafu serikalini, lakini serikali haikustaafu ndani yake. Kila Ijumaa baada ya chakula alitupa darasa la uchumi, tukitaka tusitake. Darasa alilolipenda zaidi lilikuwa la kodi za makampuni.

"Mpunguzie mwenye kampuni kodi," alikuwa akisema, "zile pesa zilobaki atazifanya nini? Hawezi kuzila, yaani. Ataongeza jengo, ataongeza mashine, na mashine zataka watu. Watu wenyewe ndo nyinyi."

Mimi nilimbishia, kwa kuwa kubisha ndiyo tabia yangu. Nilimwambia atazipeleka nje, au atajigawia na nduguze. Ami alicheka na kunipigapiga bega. Wewe umesoma umeme, akaniambia, uchumi tuachie wenyewe.

Basi nafuu ya kodi ikaja, kwa kampuni itakayopanua shughuli zake nchini na kuajiri raia. Kampuni moja ya mashine za kupozea hewa, yenye ofisi Khuwair ya Kusini, ikaichangamkia. Haukupita muda nikaitwa. Usaili wenyewe ulikwisha kabla kahawa haijapoa. Nikatia saini, nikapigwa picha ya kitambulisho, nikaambiwa niende nyumbani, wataniita ghorofa mpya ikiwa tayari. Kitambulisho kilibaki kwao.

Ami alimpigia simu kila aliyemjua, kuanzia Maskati hadi Unguja. "Nani alokuwa akibisha?" aliniuliza mbele ya watu. Nilikuwa nimekuwa ushahidi wake, na tangu siku hiyo kila baraza aliyokaa nilitajwa. Nilifurahi pia, sitosema uongo. Nilitaka kazi kuliko nilivyotaka kushinda mabishano.

Hawakuniita. Mwezi ukapita, na mwengine, na mshahara, mdogo lakini mshahara, ukaingia benki kama kawaida. Nikipiga simu najibiwa kwa adabu nisubiri, mambo yanakuja. Na kila siku ya kazi, asubuhi, nikiwa na mswaki mdomoni au nimekaa na bibi tunakunywa chai kwa mkate wa ufuta, simu ilinijulisha kwamba nimewasili.

Mwanzo nilicheka. Baadaye nikaanza kuusubiri ule ujumbe. Siku moja nililazwa zahanati kwa homa, sindano ya maji mkononi, macho hayafunguki vizuri. Nikawasili. Mwisho wa mwezi nikapewa hongera kwa kutochelewa hata siku moja. Kuna mtu huko, nilijiambia, mwenye jina langu na sura yangu, anayeamka mapema kuliko mimi na kufanya kazi vizuri kuliko mimi. Wivu niliomwonea ulinitisha.

Bibi ndiye aliyelisema kwa sauti. Alikuwa amenitaka nimfasirie ule ujumbe, nami nikamfasiria.

"Weye uko hapa," akasema polepole. "Na huko wanasema ushafika. Nani basi alofika?"

"Ni kompyuta tu, bibi."

"Kompyuta haina miguu. Mtu hawi pahala pawili, mjukuu wangu. Nnaogopa mie."

Kuanzia kesho yake akawa anafukiza ubani chumbani mwangu alfajiri, kabla simu haijalia. Anazunguka kitanda changu na chetezo, anasoma, ananipulizia utosini. Mimi mhandisi mzima nililala kimya nikamwacha. Kusema kweli nilikuwa nikimngojea afike upande wa dirishani, ndipo usingizi unirudie.

Majirani nao walijua nina kazi, Ami alihakikisha hilo. Kukaa nyumbani mchana kukawa aibu. Nikaanza kuvaa nguo za ofisini asubuhi, naaga, naendesha gari hadi Matrah, nakaa mkahawani mkabala na bandari nikitazama meli za watalii zinavyotema watu wenye kofia. Haikunichukua muda kugundua kwamba siko peke yangu. Palikuwa na kijana mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri, ameweka mkoba wa kompyuta mezani na hajawahi kuufungua. Palikuwa na wasichana wawili waliovaa kiofisi kama mimi, kila mmoja na meza yake. Mara simu ya mmoja ililia kidogo, akaitazama, akaifunika. Sekunde hiyohiyo ya kwangu ikalia. Hatukutazamana. Nilitoka pale, na sikurudi tena.

Halafu ikatoka nafasi ya kazi serikalini, mhandisi wa umeme, kazi hasa ya kushika nyaya na kupanda vituoni. Niliomba usiku huohuo. Nilijibiwa kesho yake: nafasi ni kwa wasio na ajira, na mimi, kwa kumbukumbu zao, nina ajira na mahudhurio yangu ni mazuri sana. Nililia kwa hasira hadi bibi akaja na maji. Yule mwenzangu wa Khuwair alikuwa amenichukulia kazi niliyoitaka kwa kuifanya ile isiyokuwepo. Nikaamua kumfuata.

Jengo ni la vioo, maduka ya simu chini, ofisi juu. Mlinzi alichukua kitambulisho changu cha uraia, akaingiza namba, akatazama skrini, akanitazama mimi. Akatazama tena skrini.

"Huyu yumo ndani," akaniambia kwa Kiarabu. "Ameingia tangu asubuhi."

"Huyo ni mimi."

"Na aliyeko juu ni nani?"

Hakuwa akinitania. Aligeuza skrini niione, na kweli nilikuwemo, natabasamu kidogo, shela yangu ileile ya siku ya usaili, na alama ya kijani pembeni. Nilijikuta namwomba aniruhusu nikamwone. Alipiga simu juu, na kwenye lifti akashuka msichana wa usafi, Mganda, mwembamba, amevaa ovaroli la bluu. Shingoni alikuwa na vitambulisho vingi vya kampuni, kila kimoja na utepe wake, vinagongana akitembea. Alinitazama usoni, akaviinamia, akakitafuta kimoja, akakiinua karibu na shavu langu.

"Madam," alisema kwa Kiswahili alichokiokota kwa Wakenya, "wewe uko hai?"

Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba niko hai. Alikaa chini palepale mlangoni pa lifti.

Tulipanda pamoja. Ghorofa mpya ilikuwa tayari, kumbe, tena nzuri. Meza zilipangwa kwa safu, kila moja na kompyuta inayowaka na kibao cha jina. Viti vilikuwa vimevutwa nyuma kidogo, kama wenyewe wametoka kuswali mara moja. Sweta begani mwa kiti hiki, miwani juu ya karatasi pale, glasi ya maji iliyonywewa nusu. Mapazia yote yalikuwa chini. Kiyoyozi kilivuma na hapakuwa na mtu hata mmoja.

Msichana alinieleza huku akinong'ona, ingawa hapakuwa na wa kutusikia. Msimamizi wake alimwambia kila asubuhi apitishe kadi zote mlangoni, awashe kompyuta, asogeze viti, abadilishe maji ya glasi. Jioni apitishe tena. Watu wa serikali wakija kukagua, wafanyakazi wa ofisi iliyo chini yetu hupandishwa kukalia viti. Kwa nini, hakuambiwa.

"Mimi nilifikiria mlikufa," alisema. "Nilifikiria kampuni inawakumbuka. Kila siku nikiingia nawasalimia, sister, si vizuri kukaa kimya na watu. Na Ijumaa, ndiyo siku ya kanisa huku, nawaombea mpumzike. Wewe pia nimekuombea."

Nilitafuta jina langu, nikalikuta karibu na dirisha, nikakaa. Kiti kilikuwa na joto la mtu. Niliruka kama nimekalia moto.

"Samahani, madam. Hapo ndiyo napumzika mimi. Wewe una sura nzuri."

Nikakaa tena. Hatukujitikisa, na baada ya muda taa za dari zikaanza kuzimika, safu moja baada ya nyengine, zikija upande wetu. Ni taa zinazowaka zikihisi mtu anatembea. Mimi mwenyewe ningeweza kuzifunga darini nimefumba macho. Hata hivyo zilipozimika juu ya kichwa changu niling'ang'ania ukingo wa meza. Msichana alipunga mkono hewani, kwa mazoea, zikawaka zote.

Kutoka hapo nikaenda kwa mudiri, meneja wa kampuni, ambaye alikuwa mwenzetu, wa familia ya Unguja, na alimjua Ami. Alifunga mlango akazungumza nami Kiswahili, kwa upole, na upole wake ndio ulionikera.

"Mwanangu, nafuu ya kodi ilikuja na masharti. Tupanue, tumepanua, nenda kaguse ukuta. Tuajiri raia, tumeajiri, na mishahara inatoka. Nani kasema uongo?"

"Kazi iko wapi?"

"Kazi imekwenda ng'ambo. Tumefungua karakana huko, mafundi wake rahisi. Hiyo nafuu ndo ilotupa mtaji." Alisema bila haya, wala bila fahari. "Lakini nyinyi hapa ni wa lazima. Mkiondoka, na nafuu inaondoka. Wasichana wangapi wanaomba walipwe wakae kwao?"

"Siwezi kuomba kazi nyengine kwa sababu niko hapa."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini hauko hapa."

Wallahi, nilitaka kumrushia kikombe. Nikaomba karatasi, nikaandika ya kujiuzulu kwa mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuandika. Aliipokea, akaiweka chini ya simu yake. Akasema hapana neno, kiti hakitokaa wazi hata wiki.

Usiku ule nilimweleza Ami kila kitu, na bibi akiwa anasikia. Alipapasapapasa ncha ya kilemba chake. Mwisho akasema huwezi kuhukumu jambo la nchi nzima kwa kampuni moja, kwamba wapo wanaopunguziwa kodi na wakaajiri kweli, viwanda vipo, yeye kaviona. Huenda vipo. Mimi nimeona ghorofa moja tu. Kisha akaniomba nisilitangaze, watu watacheka. Sikujua watamcheka nani, mimi au yeye, na sikumuuliza.

Kesho yake simu haikulia. Nilikaa kitandani nikisikiliza ukimya, na badala ya kufurahi nikahisi kama kuna mtu kafa na mimi sikumzika. Nafasi ile ya serikali ilikuwa imeshajazwa. Nikajiandikisha upya miongoni mwa wasio na kazi, na mara hii jina langu likakubaliwa.

Wiki chache baadaye Ami alitualika nyumbani kwake chakula cha mchana. Nilifika nikakuta wageni wengi, na sahani kubwa ya halua katikati, ile ya zafarani yenye lozi. Binti yake Ami, aliyemaliza chuo mwaka huohuo, alinikumbatia kwa nguvu. Amepata kazi, akaniambia. Khuwair ya Kusini, kampuni ya mashine za kupozea hewa. Wameshampiga picha. Wamemwambia akae nyumbani kwanza, watamwita.

Nilimtafuta Ami kwa macho. Alikuwa anamiminia mgeni kahawa, mimi amenipa mgongo.

"Hawatokuita," nikamwambia mtoto wa watu, mbele ya wote. "Mie nilikuwako. Hawamwiti mtu."

Shangazi mmoja aliguna. Binti Ami alinitazama, na nikaona kabisa hasira inavyompanda, kisha ikashuka, na mahali pake pakaja kitu kibaya zaidi, huruma ya mwenye kazi kwa asiyenayo. Aliinama akakata kipande cha halua, kipande kikubwa, akakiweka kwenye kisahani, akanipa kwa mikono miwili.

"Na wewe utapata kazi, inshaallah," akasema.

Wote wakaitikia amin. Nikakipokea, nikala.